Jumamosi baada ya Isha: Filamu tano zilizoingia sebuleni kwetu

Marehemu bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mpenzi mkubwa wa sinema. Wajukuu zake hawasadiki wakiambiwa jambo hilo, kwa sababu wanaikumbuka sura yake ya uzeeni tu, tasbihi mkononi na miwani puani. Lakini katika ujana wake majumba ya sinema ya Unguja mjini yalikuwa na maonyesho ya zanana, yaani ya wanawake watupu. Bibi na dada zake walikwenda huko kwa mabuibui yao, wakakaa safu nzima, wakalia pamoja kwa filamu za Kihindi ambazo lugha yake hawakuifahamu. Waliporudi nyumbani waliisimulia upya tangu mwanzo hadi mwisho, na wale waliobaki na watoto wakaipata filamu bila ya kuiona. Bibi alikuwa akisema kwamba nusu ya sinema iko ukumbini, na nusu ya pili ni mazungumzo ya njia ya kurudi.

Nyumbani kwangu nusu hiyo ya pili ilikuwa imekufa. Tuna mabinti wawili, wa miaka kumi na saba na kumi na mitatu, na mtoto wa kiume wa miaka tisa. Kila mmoja alikuwa na sinema yake mkononi na visikilizio masikioni. Baba yao alikuwa na taarifa ya habari, nami nilikuwa na tamthilia zangu za Kituruki. Tulikuwa watu watano katika nyumba moja, na kila mtu akicheka peke yake. Kulikuwa pia na jambo jingine, zito zaidi, ambalo sikumwambia mtu: binti yangu mkubwa alikuwa haniongeleshi. Alinijibu nilipomwita, alinisalimu asubuhi, alitii nilichomtuma. Zaidi ya hapo hapakuwa na neno, na hali hiyo ilikuwa imekaribia mwaka. Sababu yake nitaieleza mbele, kwa kuwa sikuweza kuikabili mpaka nilipoiona kwenye skrini.

Aliyetuletea dawa ni mjomba wao. Kaka yangu ni mtu anayefuatilia filamu ambazo runinga zetu haziziweki: filamu za hali halisi, ambamo watu hawaigizi bali wanaishi maisha yao mbele ya kamera, na filamu huru zinazotengenezwa kwa fedha kidogo na watu wasiofuata mtindo wa soko. Alikuja na kompyuta yake, akaiunganisha na runinga ya sebuleni, akaweka masharti matatu. Tutatazama kila Jumamosi baada ya swala ya Isha. Simu zote zitakaa kikapuni. Na filamu ikimalizika, hakuna anayeinuka kabla ya kusema neno moja juu yake.

Nusu ya nyuki

Tulianza na Honeyland ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Tamara Kotevska na Ljubomir Stefanov. Inamhusu Hatidže Muratova, mwanamke wa jamii ya Waturuki wa Masedonia Kaskazini, anayeishi na mama yake mkongwe katika kijiji cha mlimani ambacho wenzao wote wamekihama. Hakuna umeme wala maji ya bomba. Hatidže anafuga nyuki kwa njia za kale, na kila anapochukua masega huwaambia nyuki kwamba nusu ni yake na nusu ni yao. Watengenezaji walimfuata kwa muda wa miaka mitatu, wakapata hadithi ambayo hakuna mwandishi angeweza kuitunga vizuri zaidi. Jirani mpya anahamia, ana mke, watoto saba na kundi la ng'ombe. Hatidže anampokea kwa moyo mweupe na kumfundisha kazi ya nyuki. Kisha anatokea mnunuzi anayetaka asali nyingi kwa haraka, na yule jirani, mwenye watoto wa kulisha, anaikamua mizinga yake asibakize kitu. Nyuki wake wenye njaa wanavamia mizinga ya Hatidže na kuiangamiza.

Mwanangu wa kiume aliishika hiyo ya nyuki, akaizungumza wiki nzima. Mimi nilikuwa nikimtazama mama. Bi Nazife amelala kitandani katika chumba chenye mwanga hafifu, na binti yake anamlisha kwa mkono wake, wakitaniana kama watu ambao hawana mwengine wa kutaniana naye. Hatidže akienda mjini Skopje kuuza asali, anajinunulia rangi ya nywele, mwanamke wa makamo asiye na mume wala mtoto wa kumwona. Nilimuuguza mama yangu kwa miezi tisa kabla ya kufariki, na nilidhani kwamba hakuna aliyewahi kukiona chumba kile nilichokaa naye. Kumbe kipo hata katika milima ya Ulaya.

Ilipofika zamu ya kusema neno moja, mtoto wa mwisho aliuliza, "Na yeye akiumwa, atauguzwa na nani?" Hakuna aliyemjibu. Binti mkubwa alikuwa ameangalia sakafu.

Mabeleshi mlangoni mwa hospitali

Jumamosi iliyofuata tulikwenda karibu zaidi na kwetu. The Gravedigger's Wife ya mwaka 2021 ni filamu ya kuigizwa, inayozungumza Kisomali, na matukio yake yako Jibuti. Mwongozaji wake, Khadar Ayderus Ahmed, ni Msomali aliyehamia Finland akiwa kijana. Filamu hii ilitwaa tuzo kubwa ya tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou mwaka huo huo.

Guled na wenzake wanakaa nje ya hospitali na mabeleshi yao, wakisubiri mtu afe. Gari la wagonjwa likipita, wanalikimbilia. Ni kazi ya halali, na katika dini yetu kumzika maiti ni jambo la heshima, lakini riziki yake inatokana na misiba ya wengine. Siku moja msiba unaelekea mlangoni mwake mwenyewe. Mkewe Nasra ana maradhi ya figo, na gharama ya upasuaji ni dola 5,000, fedha ambazo hata akichimba makaburi ya mji mzima hazitatimia. Guled anaondoka kwa miguu kurudi kijijini kwao kudai mifugo yake, na huko kunamngoja jambo ambalo kila Mswahili atalielewa bila ya kutafsiriwa: aliondoka bila ya radhi za wazazi.

Kilichotugusa ni mapenzi ya mume na mke. Filamu nyingi tunazoletewa zinaonyesha mapenzi ya watu wasiooana, na ndoa ndani yake ni magomvi au kichekesho. Hapa tunaona wanandoa wa miaka mingi, maskini, wenye mtoto mmoja, wanaopendana kwa adabu na mzaha. Nasra akiwa mgonjwa hivyo, siku moja wanajiingiza katika harusi ambayo hawakualikwa, ili wapate kufurahi kwa usiku mmoja. Baba watoto, ambaye kwa kawaida husinzia kabla ya katikati, alikaa macho hadi mwisho. Neno lake lilikuwa hili: "Yule bwana alitembea jangwa zima, lakini kumwambia mkewe kwamba anaogopa, hakuweza." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba wanaume wengi ndivyo walivyo.

Udi usiopigwa

Filamu ya tatu ilikuwa ya ajabu kidogo, na watoto waliicheka kabla hawajajua kwamba inahuzunisha. Limbo, ya mwaka 2020, iliongozwa na Ben Sharrock. Inahusu wakimbizi wachache waliowekwa katika kisiwa cha mbali cha Uskoti, penye upepo, nyasi na mbingu ya kijivu, wakisubiri kujua kama watapewa hifadhi. Wanafundishwa desturi za wenyeji na walimu wanaocheza dansi darasani kwa nyuso kavu, na mmoja wao, Mwafghani anayeitwa Farhad, anaiba kuku ili amfuge. Kila kitu kinaonyeshwa polepole, watu wakiwa wamesimama kama wamepigwa picha, na kichekesho kinatokana na ukimya wao.

Omar, kijana wa Kisyria, anatembea kisiwa kizima amebeba kasha la udi wa babu yake, lakini haupigi. Mwanzoni mkono wake umefungwa plasta. Plasta inaondolewa, na bado haupigi. Anasimama katika kibanda cha simu kando ya njia tupu na kuzungumza na wazazi wake waliokimbilia Istanbul. Wanazungumza juu ya chakula, juu ya viungo, na juu ya kaka yake aliyebaki Syria kupigana. Kila mtu anasema, lakini lile jambo lenyewe halisemwi.

Sisi wa visiwa hivi tunaujua udi kwa taarabu, na tunajua kwamba ukikaa muda mrefu bila ya kupigwa nyuzi zake hulegea. Mjomba alituonyesha ujanja mmoja wa mwongozaji: karibu filamu nzima picha ni ya mraba, imebana kama dirisha dogo, na mwishoni Omar anapouchukua udi ule picha inapanuka. Binti yangu wa kati akasema kwamba alihisi kama mtu amefungua mlango. Mimi nilikuwa nikifikiri juu ya simu. Nilijiuliza ni mara ngapi nimemwuliza mwanangu kama amekula, kwa kuwa sikuthubutu kumwuliza jambo jingine.

Barua ya mama kwa mwanawe

For Sama, ya mwaka 2019, tuliitazama bila ya mtoto wa kiume. Baba yake alimpeleka kulala, na alifanya vizuri, kwa sababu ndani yake mna damu na maiti za watoto wadogo, na hakuna hata tone moja la kuigizwa. Waad al-Kateab alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Aleppo, mji ambao Waarabu huuita Halab, alipoanza kupiga picha maandamano kwa simu yake. Vita vikafika, akaendelea. Akaolewa na daktari, Hamza, na mwanzoni mwa mwaka 2016 wakapata mtoto wa kike, Sama. Waliishi ndani ya hospitali, katika mji uliozingirwa, mpaka walipolazimika kutoka mwishoni mwa mwaka huo. Alishirikiana na Edward Watts kuzigeuza picha hizo kuwa filamu, na filamu nzima ni maneno ya mama kwa binti yake.

Kuna mahali ambapo mwanamke mjamzito aliyejeruhiwa anafanyiwa upasuaji, na mtoto anatolewa akiwa hapumui. Daktari anamsugua, anampiga mgongoni, anamning'iniza, anarudia tena. Muda unapita. Sote tulikuwa tumesimama bila ya kujijua. Kisha mtoto akalia. Binti wa kati alitoka mbio kwenda barazani, na nilimkuta analia huku anasema Alhamdulillah, Alhamdulillah, kama mtoto yule ni ndugu yake. Na kuna mahali pengine padogo ambapo katika njaa ya mzingiro mume anamletea mkewe tunda moja tu, na furaha ya mama yule ni kubwa kuliko ya watu waliokaa mezani penye neema.

Mjadala wa usiku huo ulikuwa mkali. Waad na mumewe walipata nafasi ya kwenda Uturuki kumwona baba mgonjwa wa Hamza, kisha wakarudi na mtoto wao ndani ya mji unaoshambuliwa. Baba watoto alisema kwamba hilo hakuliafiki, mtoto ni amana. Mjomba alisema wagonjwa wa hospitali ile nao ni amana. Ndipo binti mkubwa akasema, na lilikuwa sentensi refu zaidi niliyoisikia kutoka kwake kwa miezi mingi: "Mimi sijui kama alifanya sawa. Lakini amemweleza mwanawe kwa nini alifanya. Si kila mama anaeleza." Alikuwa akimtazama mjomba wake. Neno lilikuja kwangu.

Mbwa mwitu

Sasa nifikie filamu ambayo kwayo nimeandika makala haya. Binti wanne wa Olfa, inayojulikana nje kwa jina la Four Daughters, ni ya Kaouther Ben Hania wa Tunisia, ya mwaka 2023, na katika tamasha la Cannes ilikuwa mojawapo ya filamu mbili zilizogawana tuzo ya filamu bora ya hali halisi. Olfa Hamrouni ni mama wa kweli. Mabinti zake wawili wakubwa, Ghofrane na Rahma, walikimbilia Libya kujiunga na kundi la Daesh na wakaishia gerezani. Wadogo wawili, Eya na Tayssir, wamebaki naye. Mwongozaji amefanya jambo geni: amewaleta waigizaji wawili wachukue nafasi ya mabinti waliopotea, na mwigizaji mashuhuri, Hend Sabri, amwigize Olfa pale ambapo mwenyewe hawezi kustahimili. Hivyo tunawaona watu wa kweli na waigizaji katika chumba kimoja, wakiyarudia mambo yaliyopita, wakicheka, wakilia, na wakati mwingine wakikatisha. Kuna mwanamume aliyewadhuru watoto wale ndani ya nyumba yao. Mwigizaji anayemwigiza anashindwa kuendelea na kuomba kamera izimwe, ilhali Eya, aliyedhuriwa, yuko tayari kusema hadi mwisho.

Niliingiwa na wasiwasi mwanzoni. Tumezoea filamu zinazotutazama sisi Waislamu kwa jicho la nje, ushungi ukifanywa ndio ugonjwa. Nilikaa nikisubiri kosa hilo. Lakini filamu hii haimalizi hivyo. Olfa alilelewa kwa kipigo, akawalea wanawe kwa kipigo, kwa hofu kwamba wataharibika. Alimpiga mmoja wao vibaya kwa kosa la kujipamba. Baada ya mapinduzi ya mwaka 2011 wakaja wahubiri mtaani kwao, wakawaita wasichana, na kwa mara ya kwanza mtu akazungumza nao kama watu wenye akili. Maneno yale yalikuwa na sumu, lakini yalikuwa maneno, na nyumbani hayakuwapo.

Olfa anasema kwamba mabinti zake wawili wameliwa na mbwa mwitu. Filamu ilipokwisha, na zamu ikafika, binti yangu mkubwa, aliyehitimu madrasa mwaka juzi, alisema kwa sauti ya chini: "Katika kisa cha Nabii Yusuf, mbwa mwitu hakumla mtu. Alisingiziwa. Aliyemdhuru Yusuf alitoka nyumbani mwake."

Mpenzi msomaji, nilikuwa nimeizima runinga kabla ya hapo. Pale Olfa alipoeleza alivyompiga binti yake, mkono wangu ulikamata kidhibiti na kuzima, na watoto wakageuka kunitazama. Nilisema umeme umecheza. Sikuweza kusema kweli, kwamba mwaka uliopita niliona katika simu ya binti yangu picha yake akiwa kichwa wazi, nikampiga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika, na sikumwuliza hata neno moja. Baada ya siku mbili dada yangu aliniambia kuwa picha ile ilipigwa katika sherehe ya wanawake watupu, nyumbani kwake, naye alikuwapo. Nilinunua mwiko mwengine. Sikuomba radhi, kwa sababu tumelelewa tukijua kwamba mzazi hamwombi radhi mtoto.

Usiku ule nilimfuata jikoni alipokuwa akiosha vikombe. Nilimwambia, "Mwanangu, kwa ile picha, nilikudhulumu. Nakuomba unisamehe." Aliendelea kuosha kikombe kimoja kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji. Hakunijibu. Nami sikumlazimisha, maana msamaha ni haki yake, na haki haidaiwi kwa nguvu.

Maneno mawili kwa wazazi

Sisemi kwamba filamu ni mbadala wa malezi, wala kwamba filamu hizi ni za kila umri. Honeyland inafaa familia nzima, ingawa mna maneno makali ya wazazi waliochoka. The Gravedigger's Wife na Limbo zinawafaa vijana, mzazi akiwapo. For Sama na Binti wanne wa Olfa si za watoto wadogo kabisa. Mzazi azitazame kwanza peke yake, na ajue kwamba zitazua maswali asiyoyatarajia. Zote zina maandishi ya tafsiri chini ya skrini, hivyo mkae na mtu anayesoma Kiingereza awafasirie wengine. Usikose kutenga muda baada ya filamu. Ukiwaachia watoto filamu nzito kama hizi kisha ukaenda kulala, umewapa mzigo bila ya kata ya kichwani.

Majumba aliyoyajua bibi yamefungwa au yamegeuzwa matumizi, na watoto wetu wataendelea kutazama, tupende tusipende. Hiari tuliyonayo ni kukaa nao au kuwaacha peke yao.

Jumamosi tatu zilipita. Jumamosi ya nne, kabla ya mjomba kufika, binti mkubwa alikuja jikoni nikikaanga sambusa, akachukua kigoda, akakaa. Baada ya kimya kirefu aliniuliza ni filamu gani iliyomliza bibi zaidi ya zote. Nilimwambia ni Mother India, ya mwaka 1957, na kwamba mimi mwenyewe sijaiona, niliisikia kwake tu. Akasema, "Basi nisimulie." Nikamsimulia kama nilivyosimuliwa: mama aliyelima kwa jembe mabegani, akalea wanawe kwa njaa na heshima, na mwisho wake akampiga risasi mwanawe mwenyewe kwa ajili ya haki. Aliniuliza kama mama yule alikuwa sawa. Nilimwambia kwamba bibi na dada zake walibishana jambo hilo miaka arubaini wasifike mwisho.

Sambusa za mkupuo ule ziliungua zote. Mjomba alipofika alitukuta bado tunabishana.